Zile fanksheni za key_setsecret na wenzake: zinalinda nini kwenye RPC, na leo uzitumie au uziache?

Marahaba mdogo wangu wa Vwawa. Niwaeleze na wengine kwanza swali lilivyo: huyu kijana amekabidhiwa programu ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, iliandikwa kwa C zamani kidogo, na mashine zilizopo kwenye vituo vya kupokelea kahawa kule Igamba na Itaka zinapima mzigo halafu zinapiga RPC kwenda kwenye seva iliyoko Mbeya mjini, yaani programu ya kituoni inaita fanksheni kama vile iko hapohapo kumbe kazi inafanyika kwenye mashine nyingine kabisa. Sasa ameambiwa aweke ulinzi, akaingia kwenye maelezo ya Linux akakuta key_setsecret, key_gendes, key_encryptsession, key_decryptsession na key_secretkey_is_set. Anauliza hizi zinafanya nini hasa, je azitumie, na ufunguo wa siri auweke wapi maana kwa sasa ameuandika mlemle ndani ya kodi.

Jibu fupi: usizitumie kwenye kazi mpya, ila zisome vizuri sana kabla hujaziacha. Hisabati iliyo ndani yake imeshavunjwa miaka mingi, lakini mpangilio wake ni bora kuliko huo ulionao wewe na kuliko ninaouona kwenye programu nyingi za huku kwetu, kwa sababu aliyezibuni alielewa kitu kimoja: programu inayofanya kazi haitakiwi kuushika ufunguo wa siri.

Tuanze na hali uliyonayo sasa. RPC yenu ni ile ya Sun Microsystems, na kama hakuna aliyebadilisha kitu basi inatumia AUTH_SYS, ambayo zamani iliitwa AUTH_UNIX. Humo klaenti inajitambulisha kwa kutaja namba ya mtumiaji na namba ya kundi, basi, na seva inaamini. Mtu yeyote mwenye laptop kwenye mtandao huo anaweza kuandika programu ndogo ikasema mimi ni uid 0, yaani mtumiaji mkuu wa mashine, na seva ikamkubalia. Hakuna paswedi wala sahihi, hakuna chochote cha kuthibitisha. Hilo ndilo tatizo ambalo hao wa Sun walitaka kulitibu miaka ya 80 walipoleta AUTH_DES, na maelezo yake yamo kwenye RFC 1057, moja ya hati za kiufundi za intaneti, ya mwaka 1988.

Utaratibu wake uko hivi. Kila mtumiaji na kila mashine inapewa jina la mtandao, kwa mfano unix.1004@ halafu inafuata jina la domeni, na inapewa jozi ya funguo za Diffie-Hellman, mmoja wa wazi na mmoja wa siri. Ufunguo wa wazi ni 3 ikipandishwa kwa kipeo cha ufunguo wa siri, halafu unachukua baki baada ya kugawa kwa namba tasa ya biti 192, ndo maana ukiuona umeandikwa unakuta herufi 48 za heksa. Uzuri wa Diffie-Hellman, iliyotangazwa mwaka 1976, ni kwamba kituo kikichukua ufunguo wake wa siri na ule wa wazi wa seva, na seva ikichukua wa kwake wa siri na ule wa wazi wa kituo, wote wanafika kwenye namba ileile bila kuwahi kuitumiana. Kwenye namba hiyo ndefu zinakatwa biti 64 za katikati, zinakuwa ufunguo wa pamoja wa DES, njia ya zamani ya kuenkripti, na humo biti za kweli ni 56 tu, nane zilizobaki ni za kukagua makosa.

Sasa ufunguo wa siri unakaa wapi? Hapa ndo pazuri. Kwenye kila mashine inakimbia programu ya nyuma inayoitwa keyserv, na hiyo ndiyo inayoshika funguo za siri za watumiaji wote wa mashine hiyo kwenye memori yake. Fanksheni ulizozikuta hazifanyi hesabu yoyote zenyewe, ni njia tu ya kuongea na keyserv. Ni kama muhuri wa mtendaji wa kijiji, hupewi ukaenda nao nyumbani, unapeleka barua yako inagongwa pale pale mezani halafu unaondoka na barua.

key_setsecret inaikabidhi keyserv ufunguo wa siri wa mtumiaji anayeendesha programu, na kwa kawaida huiti wewe, inaitwa na keylogin mtu akishaweka paswedi yake. key_secretkey_is_set inauliza tu, je una ufunguo wa huyu mtumiaji? key_gendes inaomba ufunguo mpya wa kikao, yaani wa mazungumzo hayo tu. key_encryptsession inachukua ufunguo huo wa kikao na jina la upande wa pili, keyserv inapiga ile hesabu ya ufunguo wa pamoja na kuuenkripti, inakurudishia ukiwa umefungwa, na kule kwenye seva key_decryptsession inaufungua. Angalia vizuri, kwenye hizo tano hakuna hata moja inayokurudishia ufunguo wa siri, unachopata ni matokeo ya kazi tu. Programu yako ikidukuliwa, mdukuzi anaweza kuomba kazi ifanyike kwa muda aliomo humo, ila haondoki na ufunguo mfukoni.

Ukiandika mwenyewe inakuwa hivi:

des_block kikao, kilichofungwa;
if (!key_secretkey_is_set()) kufa("keyserv haina ufunguo wa huyu mtumiaji");
if (key_gendes(&kikao) != 0) kufa("sijapata ufunguo wa kikao");
kilichofungwa = kikao;
if (key_encryptsession(jina_la_seva, &kilichofungwa) != 0) kufa("imeshindikana kuufunga");

Huo mstari wa nne watu wanauruka, na ukiuruka programu inagoma bila sababu ya kueleweka, maana key_encryptsession inaandika jibu juu ya kilekile ulichompa. Usipokuwa umenakili kwanza, ufunguo wako halisi wa kikao umepotea, umebaki na uliofungwa ambao wewe mwenyewe huwezi kuutumia. Kitu kingine ni hizo if. Fanksheni hizi zikishindwa zinarudisha -1 kimyakimya (key_secretkey_is_set yenyewe inarudisha 0), na nimekutana na kodi inayosema ikishindikana basi endelea na AUTH_SYS ili kazi isisimame. Hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na ulinzi kabisa, kwa sababu chama kinaamini kuna kufuli mlangoni, kumbe anayetaka kuingia anachotakiwa kufanya ni kuizima keyserv tu mlango ufunguke wenyewe. Ulinzi ukishindwa programu isimame ipige kelele, karani aandike kilo kwenye daftari hadi itengenezwe.

Mara nyingi hata hizo huziiti, unaita authdes_create, unaipa jina la seva, dirisha la muda, yaani ombi likichelewa kiasi gani bado likubaliwe, tuseme sekunde 60, anwani ya mashine ya kulinganisha saa, na mwisho NULL, yenyewe ndani inaita key_gendes na key_encryptsession. Kisha ombi la kwanza linaondoka likiwa limebeba jina lako, ufunguo wa kikao uliofungwa, saa ya sasa, hilo dirisha, na dirisha ukitoa moja, na hivyo vitatu vya mwisho vimeenkriptiwa kwa ufunguo wa kikao. Hiyo ya kutoa moja ina kazi yake: mtu akibahatisha takataka, ikidikriptiwa inaweza ikatokea saa inayoonekana ya kweli, lakini kupata namba mbili zinazopishana kwa moja kamili ni bahati ngumu sana. Seva inahakikisha saa yako haijachelewa kupita dirisha na kwamba ni mbele ya ile ya ombi lililopita, ili mtu asirekodi ombi la leo akalirudia kesho. Halafu inajibu kwa kukurudishia saa yako ikiwa imepungua sekunde moja, imeenkriptiwa, na hapo wewe nawe unajua unaongea na seva ya kweli maana ni yenye ufunguo tu ingeweza kutoa hiyo sekunde. Kwa kweli ni kazi ya akili sana kwa wakati ule, naipenda mpaka leo.

Ila sikia. Kinachoenkriptiwa humo ni utambulisho na saa, siyo data. Kilo za kahawa, jina la mkulima, namba ya simu, vyote vinapita wazi na hata havijafungwa visibadilishwe. Mtu akikaa katikati ya Itaka na Mbeya anaacha utambulisho ulivyo, anageuza 480 kuwa 840, na seva inapokea kwa heshima zote maana saa ni sahihi na jina ni sahihi. Kwa chama kinacholipa watu kwa kilo, hilo peke yake linatosha kuiacha AUTH_DES.

Halafu kuna hiyo hisabati. Biti 192 ilikuwa ndogo hata kwa wakati wake, watafiti LaMacchia na Odlyzko walichapisha mwaka 1991 jinsi walivyoivunja namba tasa hiyohiyo ya Sun, na kwa kuwa namba ni moja kwa watu wote, ukishaivunja mara moja unafungua funguo za kila mtu kirahisi. DES yenyewe iliyowekwa kuwa kiwango cha Marekani mwaka 1977, ilipofika 1998 mashine iliyojengwa na EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za kidijitali, iliufungua ufunguo wake kwa saa 56, na mwaka 2005 ikafutwa rasmi kwenye viwango vyao. Ufunguo wako wa siri nao unatunzwa kwenye orodha ya pamoja ukiwa umeenkriptiwa kwa paswedi yako ya kuingilia, kwa hiyo anayeweza kuisoma orodha anakaa kwake anajaribu paswedi usiku kucha bila seva kujua. Na ufunguo wa pamoja kati ya kituo na seva haubadiliki hadi mbadilishe jozi, maana yake aliyerekodi mawasiliano ya msimu mzima akija kuupata siku moja anazifungua tambulisho zote za nyuma. glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, nayo ilishaitoa RPC ya Sun kwa programu mpya kwenye toleo la 2.32 la mwaka 2020, watu wakaelekezwa maktaba nyingine, libtirpc. Kwa hiyo hata ukitaka kwa nguvu utahangaika.

Njia zilizopo leo ni kadhaa. RPCSEC_GSS, ulinzi mpya zaidi wa RPC, pamoja na Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji kupitia seva moja kuu, inakupa ngazi tatu, utambulisho tu, utambulisho na kuzuia kubadilishwa, au kufunga kila kitu, ni nzuri lakini inataka seva ya Kerberos na mtu wa kuitunza, na nyie pale mko wawili, sikushauri. RPC juu ya TLS, ule ulinzi wa tovuti za https, imeshaandikwa kwenye RFC 9289 ya mwaka 2022, ila kwa Linux manufaa yake makubwa yako kwenye NFS (kushirikishana mafaili kwa mtandao) ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux, kwa programu yako ya C haikusaidii leo. Kuandika upya kwa gRPC, mfumo wa RPC wa kisasa, na TLS ya pande zote mbili ndiyo njia ningekuombea mfike, lakini msimu wa kahawa uko karibu na huwezi kubomoa nyumba mvua inanyesha.

Kwa sasa weka WireGuard, yaani VPN, njia iliyoenkriptiwa kati ya mashine mbili, kati ya kila kituo na seva. Imo ndani ya keneli ya Linux tangu 5.6 ya mwaka 2020, kodi ya RPC huigusi kabisa, unachobadilisha ni seva isikilize kwenye anwani ya ndani ya WireGuard peke yake na faiawali ikatae mengine yote, na hapo usisahau poti 111 ya rpcbind, wengi wanaiacha wazi. Data yote inaenkriptiwa, ikibadilishwa njiani inatupwa, na funguo za vikao zinazaliwa upya kila baada ya dakika mbili hivi, kwa hiyo lile tatizo la kufungua ya nyuma halipo. Kila mashine itengeneze jozi yake yenyewe pale kituoni kwa wg genkey, ukutumie ule wa wazi tu, hata kwa WhatsApp sawa. Wewe usitengeneze funguo zote Vwawa halafu ukazisambaza kwa flashi, maana hiyo flashi ndo itakayopotea kwenye Coaster. Mashine ya Igamba ikiibiwa, unaenda kwenye seva unafuta ufunguo wake wa wazi, mwizi kabaki na bati.

Lakini WireGuard inatambua mashine, haimtambui karani. AUTH_SYS inayopita humo bado inaamini uid yoyote, kwa hiyo kila karani awe na akaunti yake ndani ya programu, na seva iandike nani kaingiza kilo ngapi na saa ngapi. Hapo kuna majina na simu za wakulima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihusu hata AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao kama chenu.

Sasa ufunguo ulio ndani ya kodi. Nenda kwenye mashine yako uandike strings ikifuatiwa na jina la programu yako, uone. Utauona ufunguo wako umekaa pale katikati ya ujumbe wa makosa, na yeyote mwenye nakala ya programu anao. Kuufuta kwenye kodi haitoshi maana Git inakumbuka, kwa hiyo uhesabu umeshavuja, tengeneza mwingine, na huo mpya ukae kwenye faili la mtumiaji maalumu lenye ruhusa 0600, au systemd, inayowasha na kusimamia huduma za Linux, iulete kwa LoadCredential kama toleo lenu ni 247 kwenda mbele. Ukitaka kuiga keyserv kabisa, tumia ghala la funguo la keneli kwa add_key na keyctl, au andika programu ndogo ya pembeni inayoshika ufunguo na kujibu maombi kupitia soketi ya Unix ya hapohapo kwenye mashine, ikikagua uid ya anayeomba. Ndani ya programu hiyo tumia mlock ufunguo usije ukaandikwa kwenye swapu, na ukimaliza kazi ufute kwa explicit_bzero, usitumie memset, maana kompaila ikiona hilo eneo halisomwi tena inaitoa memset yako na ufunguo unabaki memori.

Kwenye kuzalisha funguo usitumie rand iliyoanzishwa kwa time. Waandishi wa key_gendes walishaonya kwenye maelezo yake kwamba saa ya sasa inakisiwa kirahisi, na kwenu ni mbaya zaidi: kila mtu anajua kituo kinafungua kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, hiyo ni sekunde 3,600, anayekisia anajaribu 3,600 tu anamaliza kabla chai haijapoa. Tumia getrandom, ipo kwenye Linux tangu 3.17.

Mwisho ni saa za mashine, na hili nalisisitiza kwa sababu ndilo litakalokusumbua huko vituoni kuliko hisabati yote hiyo. Mashine ya zamani yenye betri ya ubao iliyokufa, umeme ukikatika na kurudi inawaka ikidhani ni miaka mingi nyuma. AUTH_DES ingekataa kwa ajili ya dirisha, Kerberos kwa kawaida inavumilia dakika tano tu, TLS inaona cheti hakijaanza kutumika, na WireGuard nayo ina mtego wake: seva inakumbuka saa kubwa kuliko zote iliyowahi kuona kutoka kituo hicho, kwa hiyo kituo kikija na saa ya nyuma kinachukuliwa kama mtu anayerudia ombi la zamani na hakijibiwi, hakuna hata ujumbe wa kosa, kimya tu. Karani atakupigia simu kuwa mtandao umekufa na wewe utakesha unakagua funguo ambazo hazina tatizo. Nunua betri za CR2032 ubadilishe zote siku ya kufunga, weka chrony, programu ya kulinganisha saa, na mstari wa makestep ili saa irukie palipo sahihi mashine ikiwaka, ipate saa kupitia intaneti ya kawaida na siyo kupitia WireGuard, maana ikisubiri WireGuard na WireGuard inaisubiri saa hamtatoka hapo, halafu iambie systemd iwashe WireGuard baada ya saa kulingana.

Anza na kituo kimoja, Igamba kwa kuwa ni karibu nawe, na jaribu hivi: zima umeme wa mashine ukutani, toa betri, subiri kidogo, washa, uone inachukua muda gani mpaka mzigo wa kwanza ufike Mbeya. Ikigoma nitumie matokeo ya wg show kutoka pande zote mbili, na date kutoka pande zote mbili, ila faili lenyewe la mipangilio usilitume maana lina ufunguo wa siri ndani.